Acheni kuwauzia watu kioo kwa jina la bekapu

Wiki iliyopita mvua ilinifungia ndani ya duka moja la kompyuta hapa Nyeri mjini. Sikuwa nanunua kitu. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja mwenye studio ya picha huko Mweiga. Laptopu yake imejaa, diski yake ya nje imeanza kulia tik-tik-tik, na anatafuta mahali pa kuweka picha zake zote. Kijana wa duka akamshushia NAS kutoka kwenye rafu, kile kisanduku cheusi chenye nafasi mbili za diski, unakichomeka kwenye ruta na kila kompyuta nyumbani inakiona.

"Mzee, hii iko na RAID. Diski moja ikikufa, hiyo ingine inaendelea tu. Data yako iko salama, hutapoteza picha tena."

Mzee akafurahi, akatoa simu, akalipa. Mvua ikapungua. Nikatoka bila kusema neno.

Nimekuwa nikijilaumu tangu siku hiyo, kwa hivyo leo nasema. Kama wewe ni muuzaji na maneno haya yanakuchoma, pole, lakini yasome mpaka mwisho.

RAID si bekapu. Narudia polepole: RAID si bekapu. Haijawahi kuwa, na haitakuwa hata ukinunua kisanduku cha diski nane.

Jina hilo lilitoka Berkeley, Chuo Kikuu cha California, kwenye andiko la 1988 la David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz. Hoja yao ilikuwa kwamba diski nyingi ndogo za bei nafuu zinaweza kuishinda diski moja kubwa ya bei ghali. Lakini diski zikiwa nyingi, kila mara kutakuwa na moja inayokufa, kwa hivyo panga data kwa namna ambayo ikifa moja, kazi isisimame. Soma hapo tena. Kazi isisimame. Walikuwa wanapigania mashine iendelee kufanya kazi, hawakuwa wanakulinda na mkono wako mwenyewe.

Ile RAID 1 wanayouza kwenye visanduku vya diski mbili ni kioo. Chochote unachofanya upande huu, upande ule unafanya hivyo hivyo papo hapo. Ukichana nywele, kioo kinachana. Ukinyoa kipara, usitarajie kwenda kwenye kioo kuchukua nywele zako.

Na kabla hamjasema namwonea kijana wa duka: yeye anasoma tu kilichoandikwa kwenye boksi. Wabaya zaidi ni sisi tuliokaa darasani miaka minne. Mtihani ulituuliza tofauti ya RAID 0, 1, 5 na 10, tukachora visanduku na mishale, tukapata maksi. Hakuna aliyetuuliza swali la maana: mtumiaji akifuta folda saa tatu na dakika moja, saa tatu na dakika mbili RAID 1 ina nini? Ina hewa. Hewa mara mbili.

Najua kwa sababu niliuza kioo hicho mimi mwenyewe. Sikuchukua hata senti, na ndiyo inauma zaidi.

Shangazi yangu ana studio Karatina. Harusi, ruracio, mahafali, mazishi, sherehe za shukrani kanisani, anapiga zote. Mwaka 2022 nilikuwa nimetoka chuo si muda mrefu, najiona fundi wa mafundi, nikamshauri anunue NAS ya diski mbili. Nikaja wikendi, nikaiweka juu ya kabati, nikapanga kioo, nikaunda folda kwa mwaka na kwa tukio, nikamwonyesha taa mbili za kijani. Nikamwambia maneno karibu yale yale ya kijana wa duka. "Shangazi, kila picha iko mara mbili. Lala usingizi." Halafu, ili nafasi isiishe haraka, nikazima lile pipa la takataka la kwenye NAS ambapo faili zilizofutwa hukaa kwanza. Nilijiona mwerevu.

Agosti 2024, msimu wa harusi umepamba moto, nafasi ikaanza kuisha. Msaidizi wake, kijana mwenye bidii kweli, akaona folda mbili zenye majina yanayofanana. Akadhani moja ni nakala ya nyingine. Akafuta.

Hakuna aliyejua. Taa ziliendelea kuwa za kijani. Wakaendelea kumwaga harusi mpya ndani, tatu au nne, kila moja na maelfu ya picha. Baada ya wiki mbili mama mmoja akaja kutoka Mukurwe-ini. Mama yake mzazi alikuwa amefariki siku chache kabla. Shangazi ndiye aliyempiga picha yule cucu kwenye shukrani yake ya miaka themanini, akiwa amevaa kitambaa kipya na anacheka, na familia ilitaka picha hiyo kwa programu ya mazishi na ile kubwa ya fremu inayobebwa mbele ya jeneza. Wakati ule walikuwa wamechukua chapa chache ndogo tu na wakaambiwa zilizobaki ziko salama, waje wakati wowote.

Shangazi akanipigia. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Si ulisema ziko mbili?"

Nilichomoa diski zote mbili, nikaziweka kwenye mashine yangu ya Linux. Zilikuwa nzima kabisa. Ripoti ya SMART haikuwa na kosa hata moja. Nikaendesha PhotoRec siku tatu. PhotoRec ni programu ya bure ya ajabu, inatambaa diski nzima ikitafuta alama za mwanzo wa faili, lakini haijui majina wala folda, kwa hivyo inakutapikia maelfu ya faili zinazoitwa f na msururu wa tarakimu. Tulikaa na shangazi tukizipitia moja moja usiku. Tulipata nusu ya harusi ya mtu, ruracio moja karibu nzima, keki nyingi. Ile shukrani ilikuwa imeandikwa juu na harusi za Agosti. Cucu hakuonekana.

Kwenye programu ya mazishi waliweka picha iliyokatwa kutoka picha ya kundi la WhatsApp. Pembeni inaonekana nusu ya bega la mtu mwingine.

Kwa hivyo ukiniambia "lakini RAID ni nzuri diski ikifa", nakubali, ni nzuri diski ikifa. Sasa tuulizane, hapa kwetu data hufa kwa njia gani? Kuna mkono, kama wa kijana yule, na kama wangu uliozima pipa. Kuna mwizi, na mwizi hachukui diski moja akakuachia kioo chake; anabeba kisanduku kizima na ruta juu yake. Kuna maji, ukikaa chini ya mabati yenye misumari iliyolegea mwezi wa Aprili. Kuna moto, na wafanyabiashara wa masoko ya nchi hii hawahitaji somo la moto kutoka kwangu.

Halafu kuna stima. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na tarehe 10 Desemba mwaka huo huo ikawa hivyo tena. Hizo ziliandikwa magazetini. Zile zinazoua diski haziandikwi popote: dakika mbili jioni kwa sababu mti umeangukia waya upande wa Ihururu, inarudi, inapotea tena, halafu inarudi na hasira. Diski ilikuwa katikati ya kuandika. Na kumbuka zile diski zako mbili zinakula kutoka adapta moja, zilinunuliwa siku moja, pengine zilitoka kiwandani wiki moja, na zimefanya kazi saa zile zile. Moja ikifa, inabidi nyingine isomwe kutoka mwanzo hadi mwisho ili kujenga kioo kipya, yaani unampa mgonjwa wa pili mbio za marathoni siku ya msiba wa ndugu yake.

Ndiyo maana nasema shilingi ya kwanza haiendi kwa NAS. Inaenda kwa UPS, tena yenye poti ya USB ya data. Zile za bei ya chini kabisa hazina poti hiyo. Stima ikipotea zinapiga kelele mpaka betri iishe, na NAS haielewi kelele. Ukiwa na waya wa USB, programu inayoitwa NUT inaisikiliza UPS na kuizima NAS kwa adabu kabla betri haijakata. Kila baada ya miaka michache betri hiyo inachoka, ibadilishe.

Nasikia mwingine anasema, "Kwa nini taabu yote hii, si tupeleke kila kitu kwenye wingu?" Wingu la intaneti, si hili linalofunika Batian. Sina ugomvi na wingu. Vitambulisho, hati ya shamba, vyeti, picha za simu, weka huko leo. Lakini chukua kalamu. Terabaiti 1 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde ni sekunde 800,000, yaani zaidi ya siku 9 bila kukatika. Terabaiti 4 za shangazi ni siku 37. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika tukakaa siku kadhaa tukitazama duara likizunguka. Na ile ahadi ya Google Photos ya kuweka picha bila kikomo na bila malipo iliisha tarehe 1 Juni 2021. Ukishajaa huko unalipa kila mwezi, maisha yako yote, hata mwezi ambao hukupata harusi.

Matatu ni bora. Sitanii. Diski ya terabaiti 4 ndani ya mkoba, Karatina hadi Nyeri dakika 45, hiyo ni karibu gigabiti 12 kwa sekunde. Nionyeshe kampuni ya faiba itakayokuuzia kasi hiyo kwa nauli ya matatu.

Na wale wanaonunua kisanduku cha jina kubwa wakidhani jina ndilo bekapu, nina historia fupi. Juni 2021, watu wenye My Book Live za Western Digital waliamka wakakuta zimefutwa kabisa kupitia intaneti. Programu yake ilisasishwa mara ya mwisho 2015. Januari 2022, kirusi cha DeadBolt kilifunga faili kwenye NAS za QNAP zilizokuwa wazi kwa intaneti na kudai bitcoin 0.03. Aprili 2023, Western Digital walipovamiwa, huduma ya My Cloud ililala siku kama kumi, na kuna watu walioshindwa kufungua faili zilizokuwa kwenye kisanduku kilicho sebuleni kwao. Aprili 2025 Synology walitangaza kwamba modeli mpya za Plus zitataka diski zilizoidhinishwa nao wenyewe, mpaka kelele zikawafanya warudi nyuma Oktoba mwaka huo. Hebu fikiria diski imekufa Ijumaa jioni Chuka, kisha unaambiwa sio diski yoyote itakubaliwa.

Funzo langu hapo si kwamba visanduku ni vibaya. Shangazi bado anatumia kile kile. Usifungue tu poti yoyote ya ruta kuelekea intaneti ili "uone picha ukiwa Nairobi", tumia WireGuard. Usikubali kisanduku kinachotaka ruhusa ya seva ya ng'ambo ili ufungue faili zako.

Diski zenyewe, uliza kama ni CMR au SMR. SMR imepangwa kama mabati juu ya paa, mstari mmoja umelalia mwingine kidogo ili nyingi zitoshe. Kusoma ni sawa. Kubadilisha mstari mmoja inabidi uinue iliyoulalia na kuiandika upya, na kwenye RAID inayojijenga hiyo ni mateso. Aprili 2020 ilijulikana kwamba Western Digital walikuwa wameingiza SMR kwenye baadhi ya diski za Red, zile zile zinazouzwa kwa ajili ya NAS, bila kuwaambia wanunuzi. Baadaye wakaweka jina la Red Plus kwa zile za CMR. Na usiamini kwamba plastiki iliyofungwa maana yake ni mpya. Januari 2025 wanunuzi Ujerumani waligundua diski za Seagate zilizokwisha kutumika maelfu ya saa zikiuzwa kama mpya, hesabu ya saa ya SMART imerudishwa sifuri. Kilichozifichua ni kumbukumbu nyingine ya ndani inayoitwa FARM, ambayo smartctl ya kisasa inaweza kuisoma. Ipime ukiwa bado na risiti.

Haya, mimi nilifanya nini baada ya aibu ile? Kwanza nilivunja kioo. Kisanduku cha Karatina sasa kina diski moja tu ya kazi. Ya pili niliitoa, nikaiweka kwenye kava ya USB, na tukanunua ya tatu kama hiyo. Zina rangi ya tepu, moja kijani, moja nyekundu. Moja imechomekwa Karatina, nyingine iko kwangu King'ong'o, na kila Jumamosi ya pili zinabadilishana. Usiku restic inaandika yaliyobadilika kwenye iliyochomekwa. Inaweka matoleo ya kale, kwa hivyo folda iliyofutwa leo bado ipo kwenye nakala ya jana na ya mwezi uliopita. Na inafunga kila kitu kwa nywila, jambo ambalo si la hiari tena: picha za wateja ni data ya watu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na matatu ni matatu. Nywila hiyo ikipotea hakuna fundi duniani atakayeifungua, kwa hivyo imeandikwa kwenye karatasi mbili. Moja iko ndani ya Biblia ya shangazi, nyingine kwa mama Othaya. Hakuna inayokaa pamoja na diski.

Pipa la takataka nimeliwasha.

Ndiyo, diski ya kazi ikifa leo, studio itasimama. Nitafika na diski ya akiba na kazi itaendelea kesho yake mchana, labda na upungufu wa siku moja. Shangazi nilimweleza hivyo waziwazi, akaniambia mteja wa harusi anaweza kungoja kesho, aliyefiwa hawezi kungoja picha isiyokuwepo. Ukiwa na pesa ya kioo na pesa ya bekapu, nunua vyote, nakupigia makofi. Lakini kama una pesa ya diski mbili tu, ya pili isikae ndani ya kisanduku kimoja na ya kwanza.

Ambaye hana kisanduku kabisa asikimbilie kununua. Kompyuta ya ofisi ya ex-UK, Debian, OpenMediaVault juu yake, umemaliza mchana mmoja. Ubaya wake ni stima: mashine ya wati 35 inakula kama uniti 307 kwa mwaka, kisanduku cha wati 15 kinakula 131. Zidisha na bei iliyo kwenye risiti yako ya tokeni uone kama inakufaa. Angalia pia poti za ruta uliyopewa na kampuni ya intaneti. Zikiwa za megabiti 100, terabaiti moja itachukua zaidi ya saa 22 ndani ya nyumba yako mwenyewe. Swichi ndogo ya gigabiti inaishusha hadi saa mbili na kitu.

Na jaribu kurudisha. Kila mwezi shangazi anachagua picha kumi za zamani bila kuniambia ni zipi, mimi nazitoa kwenye diski iliyotoka safari, namtumia. Mara ya kwanza nilishindwa: nilikuwa nimesahau kuingiza folda ya video kwenye orodha ya restic. Afadhali nilijua siku hiyo, kwa swali la shangazi, kuliko kwa mteja aliyesimama mlangoni.

Ninyi wauzaji, siwaombi muache kuuza NAS. Nawaomba sentensi moja tu ibadilike. Badala ya "data yako iko salama", sema "mzee, hii ni kabati, na utahitaji diski nyingine ya kuweka nyumba nyingine." Mtauza diski zaidi, hasara iko wapi?

Mweiga si mji mkubwa na studio za picha pale zinahesabika. Jumamosi, kama mvua haitanifungia tena, napanda matatu kwenda kumtafuta yule mzee. Nimeshaweka kwenye mkoba diski moja ya nje, kebo, na tepu ya rangi mbili.